Abiria wa Ruti ya Moshono

Niliisikia injini kabla sijakiona kifodi chenyewe, kibasi cha abiria wa Moshono. Ilikuwa inanguruma nyuma ya vibanda vya mitumba, kwa pupa, kama ya gari lililochelewa. Nikamshika bibi mkono, tukaifuata sauti ile kwa kadiri nyonga yake ilivyoruhusu.

Tulikuwa tumetoka Kikwe alfajiri. Mdogo wake alikuwa anazikwa Moshono, na bibi alitaka jambo moja tu: amwone uso kabla jeneza halijafungwa.

Kifodi kilikuwa kimejaa, zimebaki siti mbili. Konda akaapa kwamba tukikaa tu, gari linaondoka. Tukakaa kando ya mzee mmoja aliyevaa suti, Biblia mapajani. Nikamwamkia, akaitikia. Bibi akamsimulia msiba wote, naye akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Pole, mama," akamwambia. "Utamwona. Tunaondoka sasa hivi."

Injini ikanguruma. Gari halikusogea. Moshi ukaingia dirishani, ukachanganyika na harufu ya mate ya mirungi aliyokuwa akitema dereva ndani ya chupa. Nikamnong'oneza bibi tushuke, tuchukue bajaji. Akakataa. Mtu mzima kama yule mwenye Biblia hawezi kukaa hapa bure, alisema; akienda yeye, na sisi tumekwenda.

Kisha nikaona. Kila alipopanda mtu mwenye mzigo, kijana mmoja asiye na mzigo alishuka, akazunguka nyuma, akaingia katika kifodi kilichofuata kwenye foleni. Walikuwa wanacheka. Mmoja alimtania mwenzake kwamba leo amesafiri Moshono mara nyingi kuliko mchungaji. Walikuwa wamekodiwa kujaza viti, ili wajinga kama sisi tuone gari limejaa.

Kabla sijamwambia bibi, simu yake ikaita. Ndugu wa Moshono walisema hawakuweza kusubiri tena. Akaishusha simu, akamgeukia mzee, si mimi.

"Wameshamfunika, baba."

Mzee akafungua mdomo. Konda akagonga kioo.

"Mzee wangu, hii imeshajaa. Njoo ukae kwenye ile."

Kilichonichefua kuliko mate ya dereva ni usafi wa yule mzee: kola iliyopigwa pasi, harufu ya sabuni. Akaitia Biblia kwapani, akapita mbele ya magoti ya bibi akiomba samahani, akashuka. Akausukuma mlango taratibu, kwa adabu, kama mtu anayetoka katika nyumba yenye maiti, mpaka ukafungika.