Doa Jeusi la Unyayoni
Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya akinizidishia moja, naigeuza kutafuta ilipooza. Kwa hiyo baba alipokuja kukaa kwangu Somanda, na shangazi akamsifia mtaalamu mmoja wa homiopathi, ile tiba ya vidonge vidogo vitamu, karibu na stendi, niliongozana na baba ili nimkamate huyo tapeli.

Vidole vya baba vilikuwa vimejaa masundosundo, magumu na ya kukwaruza. Amekamua ng'ombe maisha yake yote na hakuona kuwa ni ugonjwa. Yule bwana alitueleza kwa utulivu: yapo ya vidoleni, yapo bapa yanayotoka usoni, yapo ya unyayoni ambayo uzito wa mwili huyasukumia ndani. Akamuuliza baba anaota nini, anapenda chumvi au hapendi. Maswali gani hayo? Kisha akampa vidonge vyeupe. Nyumbani nililamba kimoja: sukari tupu.

Baada ya miezi miwili vidole vikasafika. Baba akasema ni dawa. Nikamwambia mengi huondoka yenyewe, nesi jirani yangu alishanieleza.

Tulipoenda mara ya mwisho, baba alivua katambuga zake, vile viatu vya tairi, akaonyesha doa jeusi unyayoni. Alizoea kulichonga kwa wembe, kama wachungaji wa kwetu wanavyochonga sugu za katambuga. Yule bwana aliinama akaliangalia kwa muda mrefu.

“Hiki sikitibu,” aliniambia. “Si sundosundo. Dada, mpeleke mzee hospitali wiki hii.”

Nikacheka moyoni. Kimemshinda, nikawaza, anatafuta pa kutokea. Au ana mwenzake huko anayempelekea wagonjwa. Njiani nikamwambia baba asikubali kutishwa. Nikamnunulia na wembe mpya.

Miezi minne ilipita. Asubuhi moja nilipiga magoti kumwamkia, “Mwangaluka, baba,” naye alikuwa ameukunja mguu juu ya goti. Doa lilikuwa limetanuka, linatoa maji. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani kidogo, na kwamba kinenani pia kulikuwa na uvimbe. Nikatoka mbio kutafuta usafiri wa kumpeleka hospitali.

Hospitalini walikata kinyama wakakipeleka kupimwa. Majibu yaliporudi yalisema ni saratani, na ilikuwa imeshatembea. Daktari alikasirika. Akataka kujua ni nani aliyetuambia tukae nyumbani na kitu kama kile.

Nikafungua mdomo. Baba akaniwahi.

“Yule wa vidonge,” alisema, bila kunitazama.

Daktari akatikisa kichwa, akasema watu hao wanaua. Baba hajawahi kumsingizia mtu, hata aliyemwibia ng'ombe, na siku hiyo alimsingizia mtu kwa ajili yangu. Daktari akachukua kalamu, nami nikamwacha aandike.