Maji Waliyonisubirishia Mlimani

Nilikwenda Peru kwa sababu ya Rufino. Kijana huyo wa huko alikaa kwetu Nizwa miezi miwili akijifunza falaji, ile mifereji yetu ya kale ambayo mimi, mtumishi wa serikali, kazi yangu ni kuipima maji. Siku ya kuaga akaniambia, "Dada Salma, umenionesha maji yenu. Njoo uone yetu." Wanangu wakubwa wakacheka. Nikafunga mizigo.

Kutoka Maskati nilipanda ndege tatu, kisha basi likapinda na milima kutwa nzima mpaka kwenye kijiji chao kidogo: nyumba za udongo, mashamba ya viazi, na watu wanaoamkiana kwa Kikechua, lugha yao ya asili. Mama yake Rufino, Bi Justina, alinishika mikono yote miwili mlangoni. Tulizungumza kupitia mwanawe, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.

Siku ya pili, alfajiri, kijiji kizima kilipanda kusafisha mfereji. Hata waliohamia mjini walikuwa wamerudi kwa kazi hiyo. Nusu ya njia pumzi zikaniisha, kichwa kikaniwanga. Nikakaa juu ya jiwe.

"Nendeni," nikamwambia Rufino. "Mimi narudi."

Bi Justina, mwenye miaka sabini na kitu, akakaa kando yangu, akanimiminia chai ya majani ya mlimani, akasema neno.

Rufino akacheka. "Anasema na yeye kachoka. Mwongo huyo!"

Basi kila kona bibi huyo alikaa chini akijidai anatweta, hata nami nikapumzika bila ya haya.

Tulifika adhuhuri imeshapita. Mfereji ulikuwa safi, watu wamesimama na mabeleshi yao, lakini lango la maji limefungwa. Rufino akauliza kulikoni.

"Mgeni alikuwa hajafika," akajibu mzee aliyeshika lango.

Mashamba yao yalikuwa na kiu huko chini, nao wamenisubiri mimi! Lango likafunguliwa. Maji yakaja na matope, kisha yakatakata. Wanawake wakaimba wakiyarushia maua. Nililia, wallahi.

Niliporudi Nizwa, Jumamosi ya kwanza nilipanda Misfat al Abriyeen, kijiji cha mlimani chenye falaji. Miaka yote nilifika pale, nikapima, nikaandika, nikaondoka, na wanaosafisha falaji nikiwapita tu. Safari hii nilivua viatu, nikakunja nguo, nikaingia majini walimokuwa wakisafisha.

Kibarua mmoja akashtuka. "Ustadha, umeangusha kitu?"

"Hapana," nikamwambia. "Jina lako nani?"