Restituta Hhando na Watoto wa Msibani

Restituta Hhando ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya mjini Mbulu. Ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Masieda, kwa wakulima wa mahindi na maharage, na alipokuwa na miaka minane surua ilipita kijijini kwao ikamchukua mdogo wake, Eva. Hakuna aliyekuja kuuliza mtoto aliumwa nini. Walizika, wakarudi shambani.

Wodini ana kazi moja ya ziada ambayo wenzake hawaigombanii. Kila asubuhi, kabla ya chai, hupita kitanda kwa kitanda na daftari: nani ana homa na vipele, nani amelegea miguu ghafla, nani anaharisha damu. Kila Jumatatu humtumia taarifa Onesphory, mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya. Wiki nyingi huandika sifuri mstari mzima. Hata hivyo hupita.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, alimkuta mtoto wa miaka miwili aliyeletwa jana yake kutoka uwanda wa Hanang, wilaya jirani. Faili lilisema nimonia. Mtoto alipumua kwa shida kweli, lakini macho yalikuwa mekundu na yanatoa machozi. Restituta alimulika mdomo kwa tochi. Ndani ya mashavu kulikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Nyuma ya masikio ngozi ilianza kuwa na vipele vya kukwaruza kidole.

Akamwita Daktari Herman, kijana aliyeajiriwa mwaka huo.

"Shikamoo, sista. Huyu si wa nimonia?"

"Marahaba, daktari. Nimonia anayo. Naangalia kilichomletea."

Herman aliinama, akatazama kwa muda. "Sijawahi kuiona surua kwa macho yangu," alisema.

"Mimi nimeiona. Twende kitanda cha sita."

Kwenye kitanda cha sita alilala Lucia, msichana wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa bweni huko Dongobesh. Vipele vyake viliandikwa kuwa ni mzio wa dawa, kwa sababu alikuwa amemeza vidonge vya dukani. Restituta alivuta kiti.

"Mwanangu, wiki mbili zilizopita ulikuwa wapi?"

"Msibani, nyumbani kwa babu, Hanang. Baba yangu ni Mdatoga. Tulikaa siku nne, ndipo nikarudi shule."

Restituta aliwahi kufanya kazi miaka sita katika zahanati ya uwandani, na Kidatoga chake kinatosha kuulizia habari. Alirudi kwa mama wa yule mtoto mdogo, akamuuliza jambo lile lile. Mama akataja msiba ule ule, kwenye boma la babu yake Lucia. Watoto walikuwa wengi msibani, alisema, na wengine sasa wanakohoa nyumbani.

Ndani ya saa moja wagonjwa wale wawili walikuwa chumba cha mwisho, dirisha wazi, na damu yao imechukuliwa kwenda maabara. Akampigia Onesphory.

"Tusubiri majibu, dada, ndipo twende," alisema Onesphory.

"Majibu yatachukua siku. Huyu binti analala bweni lenye wasichana mia tatu. Na huko bomani wapo wengine wasioletwa."

Onesphory akakubali. "Basi kesho asubuhi, nitawaarifu wenzetu wa Hanang. Na wewe uje, wewe wanakuelewa."

Bomani mzee mwenyeji, Gidashang, babu yake Lucia, hakufurahi kuona gari la serikali. Alidhani wamekuja kuhesabu ng'ombe. Restituta alimwamkia, akampa pole ya msiba, akapokea maziwa na kuyamaliza. Kisha akamweleza kuwa mjukuu wake yuko hospitali na anaendelea vizuri, na kwamba wamewafuata wagonjwa waliobaki.

"Wapo saba," mzee alisema mwishowe. "Mmoja tumemzika juzi."

Restituta aliuliza jina la yule aliyezikwa na umri wake, akaandika. Kisha akaendelea na wale saba. Wawili walipakiwa garini wakiwa hoi. Waliobaki walipewa matone ya vitamini A, na watoto wote wa maboma ya jirani wakachanjwa. Siku iliyofuata timu nyingine iliingia bwenini kwa Lucia.

Majibu yalikuja siku ya sita: surua. Wakati huo wachanjaji walikuwa wameshapita vitongoji vinne. Shuleni waliugua wasichana watano, wote wakapona. Wale wawili wa garini nao walipona, mmoja baada ya wiki tatu. Baada ya mtoto yule wa bomani, hakufa mwingine.

Mwaka huu Restituta aliitwa ofisi ya wilaya. Walimtaka ahamie huko, asimamie taarifa za zahanati zote, awe na meza yake na kompyuta. Alishukuru, akaomba abaki alipo.

"Kwa nini, mama?" aliuliza bosi. "Wodini unachoka."

"Ninachoka, ndiyo," alijibu. "Lakini hizo taarifa zinatoka kitandani. Nileteeni wauguzi wa zahanati, wakae na mimi wiki moja moja, niwaonyeshe."

Wamekubali. Wawili wa kwanza, kutoka Hanang, wanaanza mwezi ujao.