Mama Povu na Unywele Mmoja

Pale maabara walimwita Mama Povu, na jina hilo alilibeba kifua mbele. Mawifi zake waliwahi kumcheka, eti amesoma miaka yote hiyo aje kushindana na sabuni. Wacheke! Povu lake lilikuwa la plastiki, kavu, jepesi kiasi kwamba ukilipumulia tu, limeshapaa. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele huwekwa ndani ya kidonge, kigololi chenye uwazi ndani, ili kishike fueli, kisha leza hukipiga kidonge kutoka kila upande ili atomi ziungane kama zinavyoungana ndani ya jua. Umeme utokanao na muungano huo, ukipatikana, utakuwa umepitia mikononi mwake.

Mikono yenyewe sasa ilikuwa inatetemeka. Ugonjwa ulimlaza, ukammaliza nywele, ukaondoka na kumwachia mtetemo wa vidole. Siku aliyorudi kazini, kila kipande alichokishika kwa kibano kilipondeka. Mkuu wa maabara akamvuta pembeni.

"Dada, nenda stoo upumzike. Kiti hiki tumpe mwingine."

"Stoo nikafanye nini, nipanguse chupa? Nipe mpaka kesho. Nikishindwa, nitaondoka mwenyewe, hutanisukuma."

Alirudi nyumbani amefura. Mama yake alikuwa kwenye kochi akichana nywele. Unywele mmoja wa mvi ulikuwa umenasa kwenye kitana, mgumu, umesimama kwa kiburi. Mama Povu akaukazia macho. Povu halipendi kubanwa, lakini hunata lenyewe kwenye unywele mkavu.

"Mama, naomba huo unywele."

"Wa nini tena? Umeanza uganga?"

"Wa kubebea povu. Wanataka kunitoa."

Mama aliacha kuchana. "Wakutoe wewe? Chukua. Chukua hata kichwa kizima!"

Asubuhi kazini, mkuu amemsimamia mgongoni, aliugundisha unywele kwenye ncha ya kijiti, akagusa povu nao, likanata. Mkono ukatetemeka, kijiti kikatetemeka, ila unywele ulijipinda tu, ukaumeza mtetemo wote. Povu likatua ndani ya kidonge bila mkwaruzo. Alikuwa amebana pumzi muda wote. Alipoiachia, machozi yalimtoka, wala hakujisumbua kuyafuta.

Mkuu aliinama kwenye hadubini, akatazama, akatazama tena.

"Sawa," alisema. "Na huo unywele ukikatika?"

"Mama yangu hana upara," alijibu, akavuta kidonge kingine.