Rumba Isiyo na Sebene

Watu wengine hurithi mashamba. Mimi nilirithi nusu ya kila wimbo uliopigwa kando ya Ziwa Mweru, na urithi huo ulisimamiwa na ndugu zangu wawili wakubwa, ambao hawakuona haja ya kuniuliza lolote.

Nyumbani kwetu Nchelenge tulikuwa na spika moja ya kuchaji kwa sola. Kaka alikuwa mtu wa rumba. Memori kadi alizinunua kwa wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo, na alizitunza kuliko meno yake. Dada aliongoza kwaya. Mimi nilikuwa kitinda mimba, yaani msikilizaji asiye na ruhusa ya kugusa kitufe.

Mimi na kaka tukitoka shule tulimkuta dada kwenye mchanga, tukamsaidia kugeuza chisense, vile vidagaa vyetu, vikauke pande zote. Mapatano ya spika yalikuwa ya haki kabisa. Rumba iliruhusiwa maadamu mwimbaji analia polepole kwa ajili ya mke aliyemkimbia, maana machozi, alisema dada, hata katika Zaburi yamo. Lakini magitaa yakianza kukimbizana, ile sebene ambayo ndiyo watu huingojea wainuke kucheza, dada aliirukia spika.

"Zima! Ni pale shetani anaingiaka!"

Ikaingia kwaya. Kaka akavumilia ubeti mmoja, kisha akamrudisha yule mume anayelia. Nikakua mtaalamu wa mianzo. Hadi leo nampenda mwimbaji anayelalamika, na wimbo wa furaha hunitia wasiwasi. Wenzangu chuoni walisema nina ladha ya kipekee, nami kwa unyenyekevu wangu mkubwa sikuwabishia.

Mwaka jana nikaolewa. Wakwe zangu ni watu wa Mununga, wanaompima bibi harusi kiuno kwanza, tabia baadaye. Niliogopa sana. Nikishindwa kucheza mbele yao ningeitwa mwenye maringo mpaka niingie kaburini.

Ikapigwa rumba. Mwanzo niliucheza vizuri mno, mama mkwe akapiga vigelegele. Kisha magitaa yakaanza kukimbizana, na miguu yangu, iliyofunzwa miaka yote ile, ikageuka kwa adabu ikanipeleka kuketi. Bwana harusi alibaki katikati ya ukumbi, mikono hewani. Vigelegele vikakatika. Shangazi mmoja upande wa wakwe akainamia sikio la mwenzake.

Dada akainuka kutoka benchi la kwaya, na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Nilidhani anakwenda kuzima spika. Badala yake alinishika mkono, akanivuta katikati, akacheza. Alijua kila mgeuko. Alininong'oneza "kushoto" kabla gitaa halijageuka, nami nikamfuata, mpaka mama mkwe akavua viatu na kuingia uwanjani.

Nilipaswa kushukuru. Nilikasirika.

"Yaya," nikamwita, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "na shetani je?"

"Tulizoeana naye," alisema, akiendelea kucheza. "Asubuhi yote mulikuwa ku masomo. Mi nilikuwa nabakia na samaki na ile spika."

Kati yetu watatu, yeye peke yake ndiye aliyeachishwa shule, ili chisense wasikose mtu wa kuwageuza. Miaka yote hiyo nimelalamikia nusu ya wimbo niliyonyimwa, na sikuwahi hata siku moja kumwuliza asubuhi zake zilipitaje.