Utando wa Fedha Juu ya Vitamutamu vya Posa

Dada yangu Ketty, tuliyemzika mwezi uliopita, Bwana amlaze pema, alikuwa muuza mboga wa mtaa wa Hai Mauna hapa Juba, na hakuwahi kula chakula cha mtu bila kukihoji. Andazi alilinusa ajue limekaangwa kwa mafuta gani. Maharage ya mkahawani aliyakoroga kwa kijiko akitafuta mfupa. Watu walimwita mpelelezi. Sababu niliijua mimi tu.

Tulipokuwa wakimbizi Uganda, binti yake wa pekee, Lilly, aliugua malaria hadi akaacha kutambua watu. Ketty alipiga magoti kando ya mkeka wake akamwahidi Mungu kwamba mtoto akipona, yeye mwenyewe hatatia tena nyama kinywani. Lilly akapona. Tangu hapo Ketty aliamini kwamba siku atakayovunja neno lile, Mungu atamdai mtoto.

Lilly huyo ndiye aliyechumbiwa na Conrad, fundi wa pikipiki wa Sherikat. Siku ya posa, upande wa kijana uliongozwa na shangazi yake Namutebi, mwenye duka, Mganda. Katika ukoo wetu, mama wa binti huonja kwanza kilicholetwa na wakwe, mbele yao. Asipoonja, wazee hawafungui maneno. Namutebi akafungua boksi lililotoka Kampala: vitamutamu vya Kihindi vya maziwa na korosho, juu yake utando mwembamba unaong'aa, ambao ungepeperuka kwa pumzi tu.

Ketty akachukua kipande. Akakigeuza, akakinusa. Nikajua posa imeingia matatani.

"Hii inayong'aa ni nini?"

"Fedha, mama. Fedha ya kweli, ya kula," Namutebi akajibu kwa fahari.

"Waliiponda ndani ya nini?"

Huko Kampala, Ketty aliwahi kuosha vyombo kwa familia ya Kihindu isiyokula nyama. Mama wa nyumba ile alirudisha vitamutamu vya namna hiyo dukani, akamweleza kwamba tangu zamani fedha hiyo hupondwa kwa nyundo katikati ya matabaka ya utumbo wa ng'ombe, mpaka iwe nyembamba kuliko karatasi.

Lakini Namutebi hakuyajua hayo. Alichoona ni mwanamke ananusa chakula cha wakwe, na hapa Juba hilo lina maana moja tu: sumu.

"Wewe nasiba!" akasema, kwa neno letu la kumwita mkwe. "Mimi iko Sherikat miaka yote hii, nani alikufa na chakula yangu?" Akatupa kipande kinywani, akatafuna kwa hasira. "Ona! Nimekufa?"

"Tumpe muda kidogo," akasema Lodu, kaka yetu mkubwa. Watu wakacheka.

"Mimi siogopi sumu," Ketty akasema. "Naogopa ng'ombe."

"Ng'ombe iko wapi hapa?"

Lilly akanivuta pembeni, macho yamejaa machozi. "Mjomba, mwambie ale. Kipande kimoja tu." Nikaenda nikamnong'oneza: "Dada, Mungu anaona moyo."

"Ndiyo maana naogopa," akanijibu. Kisha, kwa mara ya kwanza, akasimulia ahadi yake mbele ya wote. Lilly mwenyewe hakuwa ameijua. Akaketi chini palepale.

Conrad akampigia simu muuzaji wa Kampala, sauti ikiwa wazi tusikie sote. "Siku hizi nyingi zinatengenezwa kwa mashine, katikati ya karatasi," yule mtu akasema. "Lakini mimi nainunua tayari. Kuapa siwezi."

"Umesikia? Mwenye mali hataki kuapa," Ketty akasema.

Conrad akajaribu kuukwangua utando kwa kisu. Ukavunjika vipande vidogo vidogo, ukazidi kuenea. Wazee wa upande wao wakaanza kutafuta viatu vyao.

Namutebi alikuwa anamtazama Lilly pale chini. Akainuka, akafunga leso kiunoni.

"Jikoni kwako iko simsim?"

"Iko."

"Sukari?"

"Iko."

"Basi simama. Napika kwa sufuria yako, kwa moto yako. Na wewe ukae hapo na hiyo pua yako."

Ketty akamfuata. Kweli akainusa sufuria yake mwenyewe, na mwiko akaamuru uoshwe tena. Namutebi akakaanga simsim, yaani ufuta, huku akinung'unika Kiganda, akaichanganya na sukari iliyoyeyuka, akafinyanga vidonge vikiwa bado vinaunguza viganja.

Wakarudi barazani. Ketty akafanya ishara ya msalaba, akala. Namutebi alimkodolea macho kooni mpaka alipomeza.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Na mimi sikuamini," akasema Namutebi. "Nilidhani utaficha kwa shavu."

Lilly akacheka huku analia. Wazee wakavua viatu tena, na Lodu akakohoa, akafungua maneno ya ndoa.