Hesabu Aliyoipoteza Mizunguko

Kwa miaka kumi na mmoja nimenyoa vichwa ukuta mmoja na fundi mota tuliyempachika jina Mizunguko. Kazi yake ni kufufua feni na pampu zilizoungua: hung'oa waya mweusi, kisha huzungusha mpya kwa mkono huku akihesabu kimoyomoyo. Akiwa anahesabu, usimsemeshe. Akipoteza hesabu, huanza moja. Hata siku upepo ulipong'oa paa langu, alifika kwanza mzunguko wa mwisho, wa mia sita na ishirini, ndipo akaja kunisaidia.

Mama yake alianza kusikia sauti mwaka aliofiwa na mume. Kaka yake alipofukuzwa kazi aliacha kulala, akawa anazungumza na ukuta. Mizunguko, tumbo lile lile na shida zile zile, akabaki mzima. Jambo hilo lilimshangaza kuliko lolote duniani. Siku moja aliniwekea mezani feni mbili za nyumba moja, kiwanda kimoja. Umeme ulikuja juu, moja ikaungua, nyingine haikudhurika.

"Hii ilikuwa na waya dhaifu tangu kiwandani," alisema. "Imezunguka miaka tisa bila kulalamika. Sasa niambie, kosa ni la waya au la umeme?"

Nilimwambia mimi ni kinyozi. Lakini tangu siku hiyo, nikishika kichwa cha mtu, mkono hunisita. Juu ni nywele tu, na mba. Ndani kuna urithi wa watu ambao mwenyewe hakuwahi kuwaona. Hunitisha, na sichoki kustaajabu.

Mtaani walishatoa hukumu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ndiyo maana Mizunguko alimlea binti yake wa pekee kama yai. Bibi alikufa kwa homa, alimwambia. Baba mkubwa amehamia mbali. Nilimtania kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akaninunia wiki nzima.

Mwaka huu binti, mwenye miaka ishirini na saba, alipoteza kazi na mchumba ndani ya mwezi mmoja. Aliyekonda ni Mizunguko. Nikamburuta hadi zahanati, kwa muuguzi wa magonjwa ya akili.

"Hakirithiwi kitu kimoja," muuguzi alimweleza. "Ni vipande vidogo mno, mamia kwa mamia, toka kwa baba na mama. Vinaongeza uwezekano tu. Maisha nayo yanaongeza yake: msiba, kukosa usingizi, upweke. Wengi wenye mzazi mgonjwa hawaugui kamwe. Binti anajua?"

"Hajui."

"Mwambie. Ajue dalili, ajue pa kukimbilia."

Kesho yake mchana binti alileta chakula, kama alivyofanya kila siku tangu niwafahamu, akaketi juu ya kopo la rangi lililopinduliwa. Nilikuwa na mteja, lakini mlango wangu ulikuwa wazi na masikio ni yangu. Mizunguko alikuwa katikati ya kazi. Bila kusimamisha mkono akasema, "Mama, bibi yako hakufa kwa homa."

"Najua, baba. Najua tangu nina miaka kumi na tano. Nilisikia mtaani, nikaenda mwenyewe kwa muuguzi wa zahanati, nikamwomba asikuambie."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa, kwa ajili yako. Wewe ndiye mtoto wake, mimi ni mjukuu tu. Na mama yangu alipofariki ulibaki peke yako na feni. Muuguzi alisema usiachwe mpweke. Unadhani chakula nakileta kwa sababu hujui kupika?"

Mkono ukasimama. Sikuwahi kuona hivyo. Nilidhani najua nani anamlinda nani pale, kumbe sikujua lolote.

"Na wewe mwenyewe?" akauliza.

"Silali vizuri, baba. Jumatatu naenda kwake. Twende wote."

"Twende," alisema, machozi yakimtoka waziwazi. Akautazama waya. "Nimepoteza hesabu."

"Basi ufungue, uanze. Nitakuhesabia."

Binti akaanza kuhesabu kwa sauti. Mteja wangu, nusu kichwa kimenyolewa, aliniashiria nizime mashine. Tukasikiliza hadi mia sita na ishirini.